Vidonge vya Kuzuia Kutu

Siku mliponiaga pale ukumbini, MC alisema neno moja ambalo mlilipigia makofi mpaka soda zikamwagika. Alisema, "Kwa miaka yote ya Nesi Koku, hakuna mgonjwa aliyetoka kliniki ya macho mikono mitupu." Mkanivisha kitenge, mkanilisha keki, picha zikapigwa. Katika picha zote nimeinamisha kichwa. Baadhi yenu mliniambia baadaye kwamba mlipendezwa na unyenyekevu wangu. Haukuwa unyenyekevu. Ilikuwa aibu, na kwa kuwa mmeniomba niwaachie kumbukumbu za kazi wale wanaoanza, nitaiandika aibu hiyo, maana ndiyo kitu cha maana zaidi nilichotoka nacho. Habari za vyeo na mshahara nazipita. Hazikuwa ndefu hata hivyo.

Nilikuja Mwanza kutoka Muleba, nesi wa wodi ya wazazi, na nilipopangiwa macho nililia chooni. Niliona nimetupwa kwa wazee. Mkuu wa kliniki alikuwa Sista Felisia, Mkerewe mfupi mwenye sauti nzito, ambaye hakuwahi kumwuliza mtu kama amelala salama. Alimtazama machoni akajua. Asubuhi yangu ya kwanza alinifunga bandeji macho yote mawili, akaniambia nifanye kazi hadi saa ya chai. Nililisalimia koti lililotundikwa ukutani. Chai yenyewe niliimwaga juu ya rejista, na rejista hiyo, kama hamjaitupa, ina doa la kahawia kwenye kurasa za mwanzo. Alipoifungua bandeji alisema tu, "Umeelewa." Nilielewa.

Vifaa vilikuwa vichache. Tulikuwa na ubao wa herufi E zinazotazama pande nne, tochi, darubini ndogo ya kuchungulia ndani ya jicho, na kile kipima presha cha chuma ambacho ninyi mnakicheka kwa sababu mmekuta cha umeme. Mgonjwa analala chali, unamtia tone la ganzi, unamwambia atazame kidole gumba chake hewani, kisha unakiweka chuma juu ya jicho polepole na kusoma mshale. Ukimaliza unakifuta kwa spiriti na kukiacha kikauke kabisa, la sivyo mgonjwa wa pili atakukumbuka maisha yake yote. Chuma kile hakikuwahi kunidanganya. Kilichotakiwa ni mtu kukitoa kwenye kisanduku.

Lakini kifaa ambacho Sista Felisia alikithamini kuliko vyote kilikuwa kigoda. Kilikuwa cha mbao, cha miguu mitatu, kinakaa chini ya meza. Daktari akishasema kwamba jicho hili halirudi, Sista alikivuta, akakaa magoti yake yakikaribia ya mgonjwa, akamweleza ukweli kwa Kisukuma au Kikerewe au kwa Kiswahili cha pole. Halafu akamweleza aliyemsindikiza. Halafu, na hapa ndipo wengi tulipochoka, alimwambia mgonjwa, "Sasa niambie mimi, nimesema nini?" Mgonjwa akikosea, Sista anaanza upya. Foleni ikinung'unika, haigeukii. Mgonjwa mmoja aliweza kuchukua nusu saa na kuondoka bila hata kidonge, ila akijua anachoumwa.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Mnawajua watu wetu. Mtu akirudi kutoka hospitali ya mjini, majirani wanakuja kumpa pole, na kabla hawajakaa macho yao yameshafika mezani kutafuta dawa. Dawa ndiyo ushahidi kwamba umekwenda na umepokelewa. Ukirudi bila kitu, ama hukwenda, ama umeambiwa jambo baya unalificha. Bibi Nyanzala wa Magu, ambaye katikati ya retina yake, lile pazia la nyuma ya jicho, kulikuwa kumeshakufa kwa uzee, alielezwa na Sista Felisia vizuri sana, akarudia vizuri sana, na wiki iliyofuata alikuwa mlangoni kwetu tena. Alingoja Sista aende chai. "Mwanangu," aliniambia, "nipe hata panado. Kule wanasema nimeambiwa nakufa, wameanza kunisamehe makosa." Nilicheka, na nilimwonea huruma, na sikumpa. Wakati huo Sista alikuwa bado yupo.

Sista Felisia alistaafu, kigoda nikarithi mimi. Mwaka uliofuata wakaja wageni, madaktari kutoka nje, wakakaa nasi wiki moja wakitoa mtoto wa jicho. Walipoondoka walituachia maboksi ya vidonge vya vitamini, vikubwa, rangi ya chungwa, kwenye kopo lenye picha ya jicho. Mmoja wao alitueleza kwa uvumilivu. Alisema jicho linalozeeka huliwa na kitu kama kutu, na kwamba vitamini C, vitamini E, zinki na ile rangi ya njano ya karoti huipunguza kutu hiyo. Alisema pia, nami nilikuwepo na masikio yangu yalikuwa mazima, kwamba dawa hiyo ina watu wake: wazee ambao katikati ya retina pameanza kuchakaa kwa kiwango fulani lakini hapajafa. Kwao inaweza kupunguza mwendo wa ugonjwa. Kwa mtoto wa jicho haisaidii. Kwa presha ya macho haisaidii. Jicho lililokwisha kufa halifufuki. Na mvuta sigara asipewe vile vyenye rangi ya karoti, kwa sababu vinaweza kumwongezea hatari ya saratani ya mapafu. Niliyaandika yote. Daftari ninalo mpaka leo, mwandiko mzuri, mistari imenyooka.

Bibi Nyanzala aliporudi kutazamwa, nikampa vidonge. Jicho lake lilikuwa limekufa, nilijua haviwezi kitu, lakini nilijiambia havitamdhuru. Alivipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Mwezi mzima ule kazi ilikuwa nyepesi kwangu. Nilikuwa nimegundua kwamba kopo moja linafanya kazi ya nusu saa ya kigoda. Nikampa wa pili, wa kumi, nikaacha kuchagua. Waliosubiri kufanyiwa upasuaji nikawapa. Wenye macho mazima waliokuja na hofu zao nikawapa. Huko Igoma na Buzuruga vikaanza kuitwa vidonge vya Nesi Koku, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kigoda nikawa nakiwekea mafaili.

Sasa nimefika kwa Mzee Ndaki.

Mzee Ndaki alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa Igoma, pembeni ya duka la vipuri vya baiskeli, meza ndogo yenye kioo juu na saa zilizokufa chini yake. Alikuja kliniki kwa sababu miwani yake ya kusomea haikumtosha tena, jambo la kawaida. Lakini daktari alikuwa makini akaagiza apimwe presha. Nilimlaza, nikaweka chuma, mshale ukasimama mahali ambapo hautakiwi kusimama, macho yote mawili. Kwa ninyi mlioanza juzi: presha ya macho haiumi. Inaua mshipa wa jicho taratibu, inaanza kula pembeni na kuacha katikati mwishoni kabisa, kwa hiyo mtu anaweza kusoma herufi ndogo kuliko zote ubaoni huku hamwoni aliyesimama begani kwake. Daktari akamwandikia matone, tone moja kila jicho kila jioni, maisha yake yote, na arudi kupimwa kila miezi mitatu. Akanikabidhi nimweleze.

Ilikuwa Jumanne, siku ya kliniki kubwa, foleni imefika getini. Kigoda kilikuwa na mafaili juu yake. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo nikitia haya matone nitaona vizuri kuliko sasa?" aliniuliza.

"Hapana, mzee. Utabaki ulivyo."

"Nifunge meza, nitoke Igoma, nije nipewe dawa ya kubaki nilivyo?"

Alikuwa ananuna. Mzee akininunia mimi siwezi, ni udhaifu wangu. Nikavuta droo. Nikamfungia vidonge kwenye bahasha.

"Na hivi?"

"Hivi vinazuia kutu ya macho."

Uso wake ulifunguka wote. "Kutu!" alisema. "Sasa hapo umezungumza na mwenyewe, Nesi. Kutu naijua mimi." Akaondoka anatabasamu. Sikumwambia arudie nilichosema. Sikumwuliza hata kama anavuta sigara. Kumbe havuti, hiyo ilikuwa bahati yake, haikuwa kazi yangu.

Kwa karibu miaka miwili alikuwa akija dirishani vidonge vikimwishia. Hakukaa foleni ya kupimwa, alikuja moja kwa moja kwangu, nami nilimpa. Saa yangu ya kifuani ilipokufa aliichukua, akairudisha inakwenda, akakataa malipo. "Matone unaweka?" nilimwuliza mara moja au mbili, huku natazama mtu aliyekuwa nyuma yake. "Kutu haijaingia, Nesi," alinijibu. "Juzi nimefunga skrubu ya saa ya mwanamke, wewe hapo usingeiona." Nikacheka. Nilichukua skrubu ile kuwa kipimo. Mimi, niliyefundishwa kwamba katikati ndiko kunakobaki mwisho, nilimwangalia mtu anayefanya kazi ya katikati peke yake na kusema anaendelea vizuri. Kipima presha kilikuwa hatua nne kutoka pale dirishani. Sikukitoa kwenye kisanduku.

Kisha akagongwa na mkokoteni wa vitunguu. Haukuwa na mwendo, msukumaji alikuwa anapiga kelele apishwe, na watu wote walimpisha isipokuwa Mzee Ndaki. Binti yake, Kabula, alimleta kwetu mguu ukiwa umefungwa bandeji. "Anasema hakuuona," Kabula aliniambia. "Mkokoteni mzima!"

Nilikaa mbele yake, nikamziba jicho moja, nikaleta vidole kutoka pembeni kama mnavyofanya kila siku. "Ukiviona sema." Nikaleta vidole. Vikapita sikio. Vikapita shavu. Hajasema kitu. Vilipokaribia pua ndipo aliposema, "Hivyo hapo, viwili," kwa furaha, kama mtu aliyefaulu mtihani. Jicho la pili halikuona hata kidole. Nikamlaza, nikaweka chuma, nikasoma mshale, kisha nikausoma tena.

Daktari alichungulia kwa darubini muda mrefu. Halafu akamwuliza mzee habari ya matone.

"Matone niliacha wiki ile ile," Mzee Ndaki alisema. "Yanawasha. Halafu, daktari, mimi ni fundi. Saa ikitaka kuingia kutu, unaiwekea maji juu? Nikasema hapana, hapa pamekosewa. Lakini vidonge sikuacha hata siku moja. Nesi Koku ni shahidi yangu." Akageuka kunitafuta, akatazama upande ambao sikuwepo.

Daktari akanitazama. Alikuwa kijana, mgeni, hakujua habari za droo. Mngedhani hapo ningesema. Nilichukua kalamu nikaandika kwenye faili: Mgonjwa aliacha dawa kwa hiari yake. Halafu nikamfuata Kabula mlangoni nikamwambia, "Baba yako aliacha dawa." Hapakuwa na neno la uongo katika hayo yote. Ndivyo nilivyojifariji, na faraja hiyo ilinitosha kwa miaka.

Matone yalirudishwa, upasuaji ukafanyika, lakini kilichokwenda kilikuwa kimekwenda, na kilichobaki hakikudumu. Meza ya Igoma ilifungwa. Kabula aliendelea kumleta, na mara nyingi niliwasikia kwenye benchi la kusubiri. "Kaa hapo, usinisumbue. Ungefuata dawa ungekuwa kwenye meza yako sasa hivi." Mara nyingine alisema mbele ya watu, "Huyu alijipofua mwenyewe kwa ubishi." Mimi nilikuwa ndani napanga mafaili ambayo yalikuwa yameshapangwa.

Vidonge niliacha kugawa mwezi ule ule. Niliwaambia watu vimekwisha, na hilo sasa ndilo lililokuwa uongo. Maboksi yaliyobaki niliyapeleka yakateketezwe pamoja na dawa zilizopita muda. Kigoda nilikitoa chini ya mafaili, nikarudi kukaa kama Sista alivyonifundisha. Ninyi mlinikuta nikifanya hivyo na mkadhani ndivyo nilivyokuwa siku zote. Wengi wenu nimewasikia mkisema, "Sasa niambie mimi, nimesema nini?" kwa sauti yangu. Ni sauti ya Sista Felisia. Yangu ilikuwa ile ya droo.

Wiki mbili baada ya kuniaga nilikwenda Igoma. Nilibeba kilo mbili za sukari, mche wa sabuni na majani ya chai, maana huendi kwa mzee mikono mitupu. Mzee Ndaki alikuwa amekaa kwenye kibaraza, redio pajani. Alifurahi. "Saa yako inakwenda?" aliniuliza. Nikamwambia inakwenda. Kabula akapokea mfuko, akashukuru mara tatu, akanipikia chai kwa majani yangu mwenyewe. Tukazungumza mvua, tukazungumza bei ya samaki, nikaaga. Nilikuwa nimefika Buzuruga ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemvutia droo tena.

Jumamosi iliyofuata nilirudi bila kitu. Hata pochi nilikuwa nimeacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Nesi." Akatega sikio kidogo. "Leo sijasikia mfuko."

"Sijaleta kitu. Nimekuja kusema neno."

"Haya, kaa."

Palikuwa na kiti kizuri cha plastiki, lakini nilivuta kigoda cha jikoni kilichokuwa karibu na mlango, nikakaa magoti yangu yakikaribia yake. Nikamwambia kwamba vile vidonge havikuwa vya ugonjwa wake. Nikamwambia nililijua hilo siku ile ile niliyomfungia, na kwamba nilimpa ili asininunie. Habari ya kutu niliisema mimi, na ndiyo iliyomfanya ayaone matone kuwa maji. Kila alipokuja dirishani nilitakiwa kumlaza na kumpima, sikufanya. Na mwisho, alipopofuka, niliandika kwamba ni yeye aliyeacha dawa, nikaishia hapo, nikamwambia na binti yake hivyo hivyo.

Alizima redio. Kidole gumba na cha shahada vikaanza kusuguana, vile alivyokuwa akitia saa ufunguo.

"Kwa hiyo halikuwa kosa langu?" aliuliza.

Nilitamani kumpa jibu tamu. "Matone uliyaacha wewe, mzee," nikasema. "Sababu ya kuyaacha nilikupa mimi."

Hakusema amenisamehe, na sikuwa nimekwenda kuomba hilo. Alinyanyua uso, akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. "Kabula! Njoo hapa. Njoo na mama yako."

Kabula alitoka uani, mikono imejaa magamba ya dagaa. Nyuma yake akaja mama yake, polepole, ameshika ukuta.

"Nesi," mzee alisema, "rudia."

Nikarudia yote, tangu droo mpaka faili. Nilipofika kwenye lile neno nililomwambia Kabula mlangoni, alichuchumaa kwenye kizingiti, akajiziba mdomo kwa kifundo cha mkono, kwa sababu viganja vilikuwa vya dagaa. Mama yake alikuwa anamtazama mumewe.

"Kabula," mzee akasema. "Sasa niambie mimi. Nesi amesema nini?"

Kabula akaondoa mkono mdomoni. "Amesema... halikuwa kosa lako peke yako, baba."

"Rudia," akasema Mzee Ndaki.